King'amuzi cha Dishi Kilichobaki Nyumbani: Namna ya Kukipatia Kazi

Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zina king'amuzi kimoja au viwili visivyotumika, vimewekwa juu ya kabati au vimefungwa ndani ya boksi pamoja na waya zake. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012 na Kenya ikikamilisha mwaka 2015, watu walinunua ving'amuzi kwa haraka, kisha wakahama kampuni moja kwenda nyingine wakifuata mpira au bei ya kifurushi, na kila walipohama walichukua king'amuzi kipya huku cha zamani kikibaki kizima. Kifaa cha namna hiyo bado kina kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, kina matundu ya kutolea picha na sauti, na mara nyingi kina tundu la USB. Ni hasara kukiacha kipigwe vumbi, na ni hasara zaidi kukitupa jalalani kabla ya kujua kinaweza nini.

Kabla ya kukipangia kazi yoyote, hakikisha kwanza kwamba kweli ni king'amuzi cha dishi. Geuza kifaa uangalie nyuma. Cha dishi kina tundu lenye nyuzi za skrubu lililoandikwa "LNB IN" (LNB ni kile kichwa kilicho kwenye mkono wa dishi, kinachopokea mawimbi), na kwenye lebo yake huandikwa DVB-S au DVB-S2. Cha antena huwa na tundu laini la kuchomeka lililoandikwa "ANT IN" au "RF IN", na lebo yake huonyesha DVB-T2. Vyote viwili huitwa ving'amuzi, na kwa macho vinafanana sana, lakini cha antena hakiwezi kupokea chochote kutoka kwenye dishi hata ukibadilisha waya mara kumi. Viko vichache vyenye matundu yote mawili, na hivyo ndivyo vyenye manufaa zaidi.

Jambo la pili la kutambua ni kama king'amuzi ni cha kampuni ya kulipia au ni cha chaneli za bure kilichouzwa dukani bila mkataba. Cha kampuni mara nyingi kimefungwa kwa programu yake, nacho hukataa kutafuta chaneli kwenye setilaiti nyingine, au hukubali lakini hakihifadhi kilichopatikana. Cha chaneli za bure hukubali setilaiti yoyote unayoiandika kwenye menyu. Jambo la tatu ni umri wake: kilichoandikwa MPEG-2 peke yake, ambao ni mfumo wa zamani wa kubana picha, hakitaonyesha chaneli zinazorushwa kwa MPEG-4, ambazo leo ndizo nyingi, wakati chenye maandishi ya HD na DVB-S2 huwa na maisha marefu zaidi mbele yake.

Kijaribu kikiwa peke yake kwenye televisheni, bila kebo ya dishi. Subiri kiwake hadi menyu itokee, ujaribu vitufe vya mbele, ujaribu rimoti yenye betri mpya, kisha ujaribu HDMI na tundu za AV zenye rangi ya njano, nyekundu na nyeupe. Kikiomba namba ya siri ili kurudishwa kwenye hali ya kiwandani, mara nyingi namba hiyo ni 0000. Kikiwaka na kuzimika chenyewe mfululizo, lawama huwa ni ya adapta kuliko ya king'amuzi, hivyo jaribu adapta nyingine yenye volti ileile kabla ya kukata tamaa.

Chumba cha pili kwa dishi lilelile

Kazi iliyo bora kuliko zote kwa king'amuzi cha ziada ni kuhudumia televisheni ya pili, ili babu atazame taarifa ya habari chumbani huku watoto wakiwa na katuni sebuleni. Wengi huanza vibaya hapa. Wananunua kigawanyo cha kebo cha bei ndogo, wanagawanya kebo moja ya dishi iende vyumba viwili, kisha wanashangaa kwa nini chaneli fulani hupotea kila mtu wa chumba kingine anapobadilisha.

Sababu ni kwamba kebo ya dishi haileti mawimbi tu, bali pia hupeleka amri juu. King'amuzi hutuma volti 13 kinapotaka mawimbi ya wima na volti 18 kinapotaka ya mlalo, na kwa LNB za kawaida za Ku (bendi ya mawimbi ya madishi madogo) huongeza mlio wa kilohezi 22 kinapotaka masafa ya juu, yaani yale yaliyo juu ya megahezi 11,700. Ving'amuzi viwili vikiwa kwenye kebo moja, kile kinachotuma volti kubwa ndicho kinachoshinda, na chaneli za mwenzake huzimika. Kigawanyo hakiwezi kulitatua hilo.

Dawa yake ni LNB yenye matundu mawili, ambapo kila tundu hupokea amri zake lenyewe. Utaondoa ile ya tundu moja, utaweka ya matundu mawili palepale kwenye mkono wa dishi, utaipa pembe ileile iliyokuwa nayo ya zamani, kisha utashusha kebo mpya hadi chumba cha pili. Kwa kebo nzuri ya RG6, umbali wa mita 30 hauleti shida. Angalia tu kwamba LNB unayonunua inaendana na dishi lako: dishi dogo la sentimita 60 hadi 90 hutumia LNB ya Ku, na dishi kubwa la futi 6 au 8 hutumia ya C. Kampuni nyingine hutumia LNB zenye matundu yaliyowekewa kazi maalumu, na hizo usizibadilishe kabla ya kusoma maandishi yaliyo pembeni mwa kila tundu.

Njia nafuu zaidi ni tundu la "LNB OUT" lililo nyuma ya baadhi ya ving'amuzi. Kebo hutoka hapo kwenda king'amuzi cha pili, na hakuna haja ya kupanda juu ya bati. Mipaka yake ni kwamba cha pili hufanya kazi kwa uhuru pale tu cha kwanza kinapokuwa kimezimwa kwa rimoti, kwa hiyo njia hii inafaa nyumba ambayo televisheni mbili haziwashwi kwa wakati mmoja.

Ncha ya kebo ndiyo inayoharibu kazi nyingi, na inastahili uangalifu. Chuna ganda la nje kiasi cha milimita 15, rudisha nyuma nywele za waya wa kusuka zilalie ganda, kisha chuna plastiki nyeupe ya ndani ubakize shaba tupu ya milimita 8 hivi. Zungusha koneta hadi ile plastiki nyeupe ifike usawa wa sakafu ya koneta, na shaba ichomoze milimita 2 au 3 kupita ukingo. Sasa tazama ndani ya koneta kwenye mwanga mzuri. Unywele mmoja tu wa ule waya wa kusuka ukigusa shaba ya katikati, umeme unaopanda kwenye LNB utapiga shoti, na king'amuzi kitaandika kwamba hakuna mawimbi au kitaungua kabisa sehemu inayolisha LNB. Kwa sababu hiyohiyo, king'amuzi kiwe kimechomolewa kwenye umeme wakati wote wa kufunga na kufungua kebo. Ncha ya juu, kwenye LNB, ivishwe mpira au izungushiwe utepe wa kuzuia maji, kwa maana maji yakishaingia kwenye kebo husafiri ndani kwa ndani, na kebo hiyo haiponi tena.

Kuhusu malipo, king'amuzi cha kampuni kitakachowekwa chumba cha pili kinahitaji kadi na kifurushi chake, isipokuwa kwa chaneli ambazo kampuni yenyewe imeziacha wazi. Kuhamisha kadi kutoka king'amuzi kimoja kwenda kingine mara nyingi hakusaidii, kwa sababu kadi imefungamanishwa na kifaa chake. Wako mafundi watakaokuahidi kufungua chaneli za kulipia kwa kutumia intaneti na kadi ya mtu mwingine. Usikubali. Ni wizi wa kazi ya watu, tena ni huduma inayokatika siku yoyote bila wa kumlalamikia. Kama lengo ni chaneli za bure, king'amuzi cha bure kwenye dishi lake lenyewe ni njia halali na tulivu.

Mahali pasipo na umeme wa gridi

Ving'amuzi vingi vya dishi hutumia adapta ya nje ya volti 12, na hilo linavifanya viwe hazina kwa nyumba ya shamba yenye sola. Badala ya kugeuza umeme wa betri kuwa volti 230 kwa inveta, kisha adapta iushushe tena hadi 12, unaweza kukilisha king'amuzi moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa betri na kuokoa umeme unaopotea njiani.

Soma lebo ya adapta. Ikiwa imeandikwa 12V na 1.5A, maana yake king'amuzi hakitazidi wati 18. Tuseme unacho na televisheni ya volti 12 inayotumia wati 24. Jumla ni wati 42. Betri ya 50Ah ina saa-wati 600, na ukiilinda kwa kutumia nusu tu, unabaki na 300, ambazo zitakupa takriban saa 7 za kutazama. Kwa familia inayowasha kuanzia taarifa ya habari ya saa 2 usiku hadi kulala, hiyo inatosha na kubaki.

Tahadhari ni mbili. Betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi volti 14.4 au zaidi, na si kila king'amuzi huvumilia hivyo, kwa hiyo weka katikati kidhibiti kinachotoa volti 12 thabiti, kifaa kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya sola na elektroniki. Pili, hakikisha upande chanya na hasi. Lebo nyingi huchora duara lenye nukta katikati, zikionyesha kwamba pini ya katikati ni chanya, lakini usidhani, pima kwa mita ya volti. Weka pia fyuzi kwenye waya chanya karibu na betri. King'amuzi ambacho lebo yake inaonyesha kinaingiza volti 100 hadi 240 moja kwa moja hakifai kwa mpango huu, nacho kiachwe kwa nyumba yenye umeme wa kawaida.

Chombo cha kuelekezea dishi

Mwenye nyumba anayeweza kulielekeza dishi lake mwenyewe hangojei fundi kila upepo ukivuma, na king'amuzi cha ziada pamoja na televisheni ndogo ni kipimo bora kuliko kile kidude chenye mshale kinacholia. Kile hulia kwa setilaiti yoyote, wakati king'amuzi hukuambia kama umeipata ile unayoitaka.

Ingia kwenye menyu ya usakinishaji, chagua setilaiti, chagua aina ya LNB, kisha andika masafa ya chaneli moja unayojua kwamba inarushwa na setilaiti hiyo. Kwa LNB ya Ku ya kawaida namba ni 9750 na 10600, na kwa LNB ya C ni 5150. Chini ya skrini kutatokea mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Mstari wa nguvu usikudanganye, kwani hupanda mara tu LNB inapounganishwa hata kama dishi linatazama mwembe. Unaofuatwa ni mstari wa ubora, ambao hubaki sifuri hadi king'amuzi kikamate setilaiti yenyewe.

Mwelekeo unategemea mahali ulipo. Kwa aliye Dar es Salaam, setilaiti zote zinaegemea upande wa kaskazini kidogo. Namba za nafasi zifuatazo ni longitudo ya setilaiti, si upande wa kuelekeza dishi, na mwinuko ni pembe ya kutazama juu kutoka usawa wa ardhi. Nafasi ya nyuzi 7 mashariki, ambako Azam TV hurushwa, iko karibu magharibi kabisa ikielekea kaskazini kidogo, kwa mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Nafasi ya nyuzi 36 mashariki, inayotumiwa na DStv kwa Afrika Mashariki, iko juu sana, mwinuko wa nyuzi 81, na kwa Nairobi mwinuko huo hufika nyuzi 88, yaani karibu utosini. Nafasi ya nyuzi 68.5 mashariki, iliko Intelsat 20 iliyorushwa mwaka 2012, iko upande wa mashariki kwa mwinuko wa nyuzi 55. Kumbuka kwamba dishi dogo lenye LNB iliyokaa chini ya katikati hutazama juu zaidi kuliko uso wake unavyoonekana, kwa hiyo fuata namba zilizochongwa kwenye kishikio chake na usipime kwa jicho. Dira ya simu inasaidia kupata upande, ila isimame mbali na nguzo ya chuma.

Ukishaweka mwinuko, sogeza dishi kushoto au kulia kidogo kidogo, kiasi cha upana wa kidole kwa mara moja, kisha usubiri sekunde mbili, kwa kuwa king'amuzi huchelewa kutambua. Haraka ndiyo inayowafanya watu waipite setilaiti bila kujua. Ubora ukipanda, tafuta kilele chake kwa kusogeza pande zote, zungusha LNB ndani ya kishikio chake hadi ubora uongezeke tena, halafu kaza nati kwa zamu huku macho yakiwa kwenye skrini, kwani kukaza nati moja hadi mwisho hulivuta dishi pembeni. Ziada kidogo ya ubora unayoipata hapa ndiyo itakayokuokoa wakati wa masika, maana mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya Ku kuliko ya C. Kazi hii ifanywe na watu wawili, mmoja juu na mmoja kwenye skrini, na isifanywe kabisa mawingu ya radi yakiwa karibu.

Kazi zisizohitaji dishi

Tundu la USB hukifanya king'amuzi kuwa kichezeshi cha muziki na filamu kwa televisheni isiyo na USB, na hapa hata ile TV ya chogo hupata kazi tena, kwa kuwa king'amuzi kinatoa picha kwa tundu za AV. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, ambao karibu ving'amuzi vyote huusoma, lakini mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Filamu ikitoa sauti bila picha, mara nyingi imehifadhiwa kwa H.265 na king'amuzi chako kinaishia H.264, ibadilishe kwenye kompyuta kwanza. Kama king'amuzi kina uwezo wa kurekodi, tumia flashi ya kasi nzuri au diski yenye umeme wake yenyewe, kwani tundu la USB la kawaida hutoa miliampea 500 tu, na diski ya kuzunguka hudai zaidi ya hapo inapoanza.

Dishi likiwepo, usisahau redio. Setilaiti nyingi hubeba stesheni za redio pamoja na chaneli za televisheni, na kitufe cha TV/Radio kwenye rimoti ndicho hubadilisha orodha. Unganisha waya mwekundu na mweupe kwenye amplifaya au sabufa, uchague stesheni, kisha uzime televisheni. Duka au saluni itapata sauti safi isiyo na mikwaruzo, tena kwa umeme mdogo.

Adapta yenyewe ya volti 12 inaweza kulisha ruta ya intaneti au kamera ya ulinzi ikiwa volti ni zilezile, ampea zake ni sawa au zaidi ya zinazotakiwa, na ncha yake inaingia vizuri. Kufungua king'amuzi ili kutoa vipuri ni kazi ya fundi. Kile kinachochomekwa moja kwa moja kwenye soketi kina kapasita inayohifadhi volti zaidi ya 300, ambazo hubaki kwa muda hata baada ya kuchomoa waya.

Kikiwa hakina kazi kwako

Mpe mwenye uhitaji, lakini kiache kikiwa kamili: rimoti, adapta, na karatasi yenye namba ya king'amuzi. Kama ni cha kampuni, piga simu huduma kwa wateja kwanza ili akaunti itolewe kwenye jina lako, vinginevyo atakayekipokea hataweza kulipia kwa jina lake. Kama ulikodishiwa, mali bado ni ya kampuni na inapaswa kurudishwa. Futa rekodi zako na chaneli ulizopanga kwa kukirudisha kwenye hali ya kiwandani.

Kilichokufa kabisa kisichomwe pamoja na takataka za nyumbani, kwa sababu plastiki yake na risasi iliyo kwenye lehemu ya vifaa vya zamani hutoa moshi wenye sumu. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki, na kwingineko fundi wa televisheni wa mtaani kwa kawaida atakipokea kwa furaha, maana kipokezi, koneta na rimoti ya king'amuzi kibovu huponya ving'amuzi vingine vya aina hiyohiyo.